Sabuni ya maziwa ya mbuzi: maziwa kidogo, tahadhari kubwa

Katika kaya zenye mbuzi anayekamuliwa, swali hili halikosi: je, maziwa yake yanaweza kuingia kwenye sabuni, na ikiwa ndiyo, sabuni hiyo ina faida gani? Inawezekana, hata bila barafu wala umeme. Waliokulia Fizi, Uvira au Rumonge wameona sabuni ya mawese ikikorogwa tangu utotoni, na hii ni ndugu yake. Hatari yake kubwa haimo katika maziwa. Imo katika kostiki soda, nasi tutaizungumzia kwa kirefu.

Maziwa ni ya mtoto kwanza

Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinavyoitwa Sphere vinataka kila mtu apate kwa mwezi gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia. Mgao ukipungua, ni haki watu wajitengenezee. Lakini maziwa yaliyochemshwa yana kazi kubwa zaidi tumboni mwa mtoto wa miaka miwili kuliko ndani ya sabuni. Tumesema yaliyochemshwa kwa sababu maziwa mabichi ya mbuzi yanaweza kuleta homa ya brusela, yaani ule ugonjwa unaotupisha mbuzi mimba. Na mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hahitaji maziwa ya mbuzi kabisa, yeye ni wa titi la mama yake peke yake. Basi tumia yale tu yanayobaki watoto wakishashiba. Kipimo chetu kinataka gramu 100, chini ya nusu kikombe.

Je, maziwa hufanya nini? Mafuta yake huifanya sabuni iwe laini mwilini, na sukari yake huongeza povu. Basi. Hayaui vijidudu. Sabuni yoyote ya kweli, yenye maziwa au isiyo nayo, huondoa uchafu na vijidudu mikononi ukisugua vizuri na kusuuza, hasa baada ya kutoka chooni na kabla ya kushika chakula. Sabuni hii haiponyi upele. Upele una dawa yake zahanati, na hutibiwa nyumba nzima kwa pamoja. Wala haimfanyi mtu mweupe. Sabuni zinazouzwa kwa ahadi hiyo nyingine zimewekwa zebaki, ambayo huharibu figo. Usizinunue.

Kostiki haina mzaha

Kostiki huunguza ngozi, hupofusha macho, na mtoto akiimeza huunguza koo lake kiasi kwamba linaweza kuziba baadaye. Mara nyingi mtoto huinywa kwa sababu mtu mzima aliimimina kwenye chupa ya soda au ya maji. Usifanye hivyo hata kwa dakika tano. Sabuni mbichi yenye maziwa ni hatari zaidi kwa jambo moja: inafanana na uji. Watoto wasikaribie mahali pa kazi mpaka vyombo vyote vioshwe.

Vaa glavu za mpira, miwani na nguo za mikono mirefu, na fanya kazi nje penye hewa. Sufuria za alumini, ambazo ndizo nyingi kambini, hazifai: kostiki huzila na kutoa gesi inayowaka moto. Tumia ndoo ya plastiki ngumu na mwiko wa mti ambao hautarudi jikoni tena.

Ikikurukia, osha hapo hapo kwa maji mengi safi yasiyopungua dakika 20, ukivua nguo iliyolowa, kisha nenda zahanati. Usipake siki, mafuta wala dawa ya meno. Aliyemeza asitapishwe. Asukutue mdomo, apelekwe mbio.

Kipimo cha kujaribia

Pima kwa mizani, vyote kwa gramu. Kijiko na kikombe hudanganya. Mawese 750, kostiki 100, maji safi 150, maziwa 100. Kikundi kinachonunua pakiti nzima ya kilo moja ya kostiki kizidishe kila kitu mara kumi: mawese kilo 7 na nusu, maji kilo moja na nusu, maziwa kilo moja. Vipimo hivi ni vya mawese tu. Mafuta mengine yana hesabu yake. Maji ya majivu nayo yasitumiwe hapa, kwa kuwa nguvu yake haipimiki na sabuni yake hubaki laini kama ugali.

Weka maji kwanza, ndipo umwage kostiki ndani yake kidogo kidogo. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki, kwa maana itachemka ghafla na kukurukia usoni. Mchanganyiko utapata moto sana bila jiko. Usivute moshi wake. Uache upoe mpaka chombo kiwe vuguvugu tu.

Pasha mawese yayeyuke, nayo yawe vuguvugu. Mimina maji ya kostiki ndani ya mawese huku ukikoroga. Yakianza kushikana, ongeza maziwa yaliyochujwa na kupoa, polepole. Wengi hukosea hapa kwa kutia kostiki moja kwa moja kwenye maziwa ya moto: huungua, hugeuka kahawia na kutoa harufu kali kama ya mkojo. Koroga mpaka tone likidondoka libaki na alama juu, kisha mimina kwenye kisanduku kilichotandikwa nailoni. Usiifunike kwa blanketi, maana sukari ya maziwa huongeza joto na sabuni inaweza kupasuka au kufura.

Baada ya siku moja au mbili ikate, ukiwa bado na glavu, uvipange vipande penye kivuli na hewa kwa wiki 4. Ukiona chembe nyeupe ngumu ndani yake au maji yakichuruzika, kostiki haikuchanganyika. Hiyo usiiogee, usiiuze. Kostiki iliyobaki ifungwe vizuri kwani huvuta unyevu, ibaki katika pakiti yake yenye jina, na ikae juu, mahali penye kufuli.