Mbunge akiongea kwa telefone, sisi wamama tuulize nini?

Siku ya Mungu iliyopita, kisha ibada, tulikaa wamama 14 chini ya mwembe tukizunguka telefone moja. Mbunge wetu alikuwa ametangaza kwamba saa tisa ataongea na watu wake kwa intaneti, toka Kinshasa, juu ya sheria ya kilimo, na kila mtu atume ulizo lake. Tulichanga franka za kununua mega. Mwenye telefone akaisimamisha juu ya kinu ili wote tuone.

Tuseme ukweli, tulifurahi. Wabunge wengi tunawaona wakati wa kampeni tu. Anayekubali kuulizwa mbele ya wote anafanya vizuri, na tunamshukuru.

Aliongea sana juu ya mahindi. Alisema kweli: sisi wa Katanga, Zambia ikizuia mahindi yake, mfuko wa unga unapanda bei Lubumbashi na bukari inapungua kwenye sahani ya watoto. Akaahidi mbegu na mbolea.

Lakini ulizo letu lilikuwa lingine. Mama mmoja wa kundi letu, mjane, analima shamba lake tangu miaka 12. Mwezi uliopita alienda kulisafisha, akakuta alama za mipaka. Mtu wa mjini amelinunua na ana karatasi. Mama akaambiwa asipande tena. Kwa hiyo tuliandika: “Mheshimiwa, sheria ya kilimo inamlinda namna gani mama anayelima bila karatasi?” Ulizo lilisomwa. Mheshimiwa akajibu kwamba hayo ni mambo ya serikali, akapita kwa ulizo la trakta. Kisha mega zikaisha.

Hatukurudi nyumbani tukinung’unika tu. Jioni tulitafuta sheria zenyewe, tukaandika katika kaye mambo haya.

Sheria ya udongo ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya serikali. Juu ya udongo unaokaliwa na wanakijiji, kifungu cha 389 kilisema Rais atatoa amri ya kupanga haki zao. Miaka mingi ilipita bila amri hiyo kutoka. Ndiyo sababu mwenye karatasi anamshinda kirahisi mwenye jembe.

Sheria ya kilimo, nambari 11/022 ya tarehe 24/12/2011, inakubali katika kifungu cha 18 haki za desturi za wanakijiji juu ya udongo wao, kwa pamoja au kwa kila mtu. Na Katiba, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Basi mama yetu si mwizi katika shamba lake. Ana pa kushikilia.

Tena, kifungu cha 130 cha Katiba kinasema kwamba kuanzisha sheria si kazi ya serikali peke yake. Kila mbunge na kila seneta anaweza kuleta pendekezo lake. Jibu la “mambo ya serikali” halitoshi.

Hapo tulijifunza kitu. Mbunge akiongea na watu mia kwa mara moja, anachagua ulizo jepesi. Si lazima awe na nia mbaya. Maulizo ni mengi na muda ni mfupi. Ulizo linalopita haraka kwenye kioo linasahauliwa. Lililoandikwa kwenye karatasi linabaki.

Wamama wapendwa, kundi lenu likialikwa kwa mazungumzo kama haya, fanyeni hivi. Kutaneni siku moja mbele, mchague ulizo moja tu, fupi, lenye nambari ya kifungu cha sheria. Wamama wasio na telefone ndio waongee wa kwanza, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaoshinda shambani. Mmoja aandike jibu la mbunge na tarehe. Bunge linakaa toka 15 Machi mpaka 15 Juni, na toka 15 Septemba mpaka 15 Desemba. Katikati ya vipindi hivyo wabunge wanarudi kwa watu wao. Mwendeeni na kaye mkononi.

Kama hajajibu, mwandikieni barua ya madai. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki hiyo, peke yake au pamoja na wengine, na mkubwa anayeandikiwa anapaswa kujibu katika miezi 3. Hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya kuandika barua hiyo. Tunalisema kwa sauti, kwa kuwa wamama wawili wetu waliogopa kutia sahihi.

Mwishoni walitia. Barua yetu ilienda siku ya pili yake, na majina 14. Asiyejua kuandika aliweka kidole. Tunaomba mambo mawili: shamba la mama lisiguswe mpaka kesi yake isikilizwe, na mbunge alete Bungeni pendekezo la kumlinda mkulima wa desturi.

Lakini mvua haingojei miezi 3. Msimu huu mama yetu atapanda mahindi katika kipande cha shamba la chama. Tumempa mbegu, na watoto wake watakula. Huo ni msaada wa wenzake, si haki yake. Haki yake tunaingoja kwa barua, na jibu likija, liwe zuri au baya, tutalisoma hapa hapa.