Shairi la Kughani Huchaguliwa kwa Sikio

Wengi hudhani kazi ya mghani huanza pale anapokohoa mbele ya kipaza sauti. Sivyo. Nusu ya kazi huwa imekwisha siku aliyochagua shairi, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Utamwona kijana ana sauti tamu inayokukumbusha marehemu Juma Bhalo, Mungu amrehemu, lakini ameshika shairi lisilomfaa yeye wala waliokaa mbele yake.

Huku kwetu, tangu Kilifi hadi Mambrui, vikao havina uhaba. Kuna harusi, kuna hafla za madrasa, kuna Maulidi, na kila kikao kina shairi lake. Mashairi ya Muyaka bin Haji, yule wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, yana beti chache na mafumbo mengi. Hayo yanapendeza barazani, penye watu wanaofahamiana na kahawa inazunguka. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Mimi huburudika zaidi nikiusikia kwa mwanamke, kina mama wamemzunguka. Mwanamume akiughani ukumbini husikika kama anayewaamrisha wake za watu. Wenzangu wengine hawakubaliani nami katika hili, na si neno.

Hivi karibuni kijana mmoja wa Malindi alinijia na jambo zito zaidi. "Ami," aliniambia, "nataka kughani Al-Inkishafi, lakini mwalimu wangu asema niyageuze maneno ya Kiamu yawe ya kileo, kwani watu hawatafahamu."

Uteuzi wake ulinifurahisha. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir yazungumzia majumba ya Pate yaliyojaa taa na watu, kisha yakabaki magofu. Mtu wa Malindi hana haja ya kupanda jahazi kwenda Pate ili aelewe. Gedi ipo karibu, na msikiti wake na kasri yake ya mawe, mji uliohamwa katika karne ya 17. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, lakini sisi tuliozaliwa huku tumezijua kuta zile tangu utotoni. Wasikilizaji wakiwa na kuta hizo machoni, nusu ya tafsiri wanayo tayari.

Ama shauri lile la kugeuza maneno, nalikataa. Chukua neno "mato", yaani macho. Ikiwa vina vya ubeti ni "to" na wewe ukasema "macho", umeng'oa jiwe moja na ukuta mzima umelegea. Kadhalika "nti" ukiifanya "nchi". Na hata pale kina kinapovumilia, neno lile la zamani likitoka vinywani mwetu leo, nani atakayelisema kesho? Wajukuu wetu hawatalikuta sokoni wala shuleni. Litabaki limelala kitabuni, nalo halikutungiwa kulala.

Lakini mwalimu yule ana hoja yake, nami sitaki kumwonea. Kumghania mtu asichokifahamu ni sawa na kumkaribisha mgeni chakula ukakiacha kimefunikwa. Dawa ni nyingine. Kabla ya kuanza, baada ya Bismillahi na kumsalia Mtume, mghani achague maneno manne au matano yaliyo mazito, ayaeleze kwa Kiswahili chepesi, kisha aingie na asisimame tena. Anayekatiza ubeti ili afasiri huua shairi na tafsiri kwa pamoja.

Kisha kuna mizani. Vijana wa shule husoma kwa haraka wakayameza maneno yenye asili ya Kiarabu. "Daftari" katika ushairi ni mizani nne, da-f-ta-ri, na kila moja ina haki yake. Al-Inkishafi ina mizani kumi katika mshororo: sita, kituo kidogo, kisha nne. Mshororo mmoja, pumzi moja. Nilimtuma afukweni alfajiri akaghani kwa kutembea, asikimbie wala asivute, mpaka miguu ijue kituo kilipo. Asiyekijua kituo kwa mwili atakitafuta kwa macho kwenye karatasi, na hapo ndipo pumzi humponyoka.

Beti zote zapita sabini, na hakuna kikao cha leo kitakachozivumilia kutoka kwa kijana. Tulikaa jioni mbili tukachagua kumi na mbili. Tuliziacha zinazofuatana zifuatane; kudonoa moja hapa na moja kule kwa ajili ya utamu wa sauti ni kumvunjia heshima mtunzi.

Lililokuwa gumu zaidi lilikuwa sauti. Kijana alianza kwa kufoka, kidole juu, kama mhubiri wa sokoni. Nikamkumbusha kwamba Sayyid Abdalla hamsemezi jirani yake; ausemeza moyo wake mwenyewe, aukaripia na kuubembeleza. Mghani naye asemeze moyo wake, na watu wasikilize kama waliopita dirishani wakasikia mtu anajiuliza ndani. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mikono aiweke wapi.

"Mmoja ushike karatasi," nikamwambia. "Wa pili uweke kifuani."