Gesi ya Hamira na Dai la Kinywaji Kisicho na Kileo

Kila Ramadhani inapokaribia, na kila msimu wa harusi unapoingia, huulizwa swali lile lile: hamira kiasi gani itiwe katika sharubati ya ukwaju, ya nanasi au ya pasheni ili ipate gesi kama soda bila kugeuka pombe? Swali hilo halina jibu, kwa kuwa kipimo kinachotafutwa hakiwezi kuwapo, na ushauri uliozagaa majikoni, kwamba robo kijiko kwa lita moja au kulaza chupa usiku mmoja tu kunatosha kukikwepa kileo, hutolewa na watu ambao hawajajiuliza gesi hiyo inatoka wapi.

Hamira ni kuvu hai wadogo mno ambao, wakiwekwa katika maji yenye sukari ndani ya chupa iliyofungwa, huivunja sukari hiyo na kutoa vitu viwili kwa mpigo mmoja: hewa ukaa, ambayo ndiyo gesi ya soda, na ethanoli, ambayo ndiyo alkoholi iliyomo katika bia, mvinyo na gongo. Uwiano wake si siri, kwani mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac aliuandika tangu mwanzoni mwa karne ya 19: gramu moja ya glukosi ikichachushwa yote huzaa takriban nusu gramu ya hewa ukaa na nusu gramu ya ethanoli. Soda nyingi za dukani zina gramu 6 hadi 8 za hewa ukaa kwa lita, na kwa hiyo sharubati iliyofikishwa kwenye gramu 6 kwa nguvu ya hamira pekee imekwisha kubeba zaidi kidogo ya gramu 6 za ethanoli, ambazo ni karibu asilimia 0.8 ya ujazo wake, ilhali nchini Marekani, kwa mfano, kinywaji hakiruhusiwi kuitwa kisicho na kileo kikifika asilimia 0.5. Mbaya zaidi ni ule ushauri wa kulegeza kifuniko mara kwa mara ili chupa isipasuke, kwa sababu gesi inayotoka huenda zake, ethanoli hubaki, na hamira huendelea kutengeneza gesi nyingine ya kuziba pengo.

Hapo ndipo visingizio hufuatana. Husemwa kwamba hamira ya mkate si ya pombe, ilhali hamira ya muokaji na ile ya watengenezaji wengi wa bia ni za spishi moja, Saccharomyces cerevisiae, na hata donge la mkate lililoumuka lina alkoholi, ila sehemu kubwa yake hufukuzwa na joto la tanuri, mahali ambapo sharubati haipiti. Husemwa kwamba limao huua kileo, kana kwamba mvinyo haukutokana na maji ya zabibu yaliyo machachu. Husemwa pia kwamba kinywaji kichemshwe, ingawa ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 hivi na gesi huwa imekwisha kutoroka zamani, hata mpishi akabaki na sharubati iliyopikwa isiyo na gesi. Friji nalo hupunguza tu kasi ya hamira, halirudishi nyuma kilichokwisha kufanyika. Wanaojivunia kwamba hawakutia hamira, bali wameloweka maganda ya nanasi, wakumbuke tembo la mnazi, linalogemwa likiwa tamu na kuwa kali ndani ya siku hiyo hiyo bila mgema kutia chochote, kwani kuvu wa aina hiyo wametapakaa kwenye vyombo na kwenye maganda ya matunda. Kama kiasi hicho kinavumilika au hakivumiliki ni suala la masheikh na la madaktari; la mkemia ni kusema kwamba kimo.

Njia zisizo na kileo zipo, nazo ni rahisi kiasi cha kushangaza kwamba hazipendwi. Ipikwe sharubati nzito ya tunda na sukari, ichujwe vizuri, kwa sababu nyuzinyuzi za tunda huipa gesi mahali pa kutokea, ipozwe hadi iwe baridi kabisa, kisha sehemu moja ichanganywe na sehemu tatu au nne za maji ya gesi ya dukani yaliyo baridi vilevile, yakimiminwa taratibu ubavuni mwa glasi. Ubaridi ni sharti, kwani maji ya nyuzi 0 hushika hewa ukaa karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 20. Mwenye mashine ya kutia gesi atie maji matupu, si juisi, maana juisi hufura na kufurika. Asiye na kimojawapo anaweza kukoroga katika glasi ya sharubati baridi robo kijiko cha chai cha ndimu ya unga na robo kijiko cha magadi soda ya kupikia, si magadi ya jiwe, akanywa papo hapo bila kuifunga katika chupa. Njia hii ya mwisho haimfai mwenye shinikizo la damu, kwa sababu kila glasi huacha karibu gramu 0.3 za sodiamu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 2 kwa siku.