Ametolewa au Tumemtoa? Kauli za Kitenzi, Mashabiki na Tumbo la Mbwa

Mashabiki wa Big Brother Africa walikuwa na sarufi yao. Mshiriki wanayempenda akiondoka, walisema "ametolewa". Akiondoka hasimu wake, walisema "tumemtoa". Tukio ni lile lile: kura zimehesabiwa, mtu amebeba sanduku lake. Kilichobadilika ni kauli tu. Kauli ya kutendwa humficha mtenda, na shabiki ambaye hakupiga kura hufichika humo humo, jambo linalomfaa sana.

Pale kinachogombewa ni zawadi ya fedha, kama ile waliyoichukua Watanzania Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014, kumficha mtenda hakumuumizi mtu. Msimu huo wa 2014 ndio uliokuwa wa mwisho, lakini vipindi vya namna hiyo havijaisha, wala watu hawajaacha kukusanyika kuvitazama. Na wanapokusanyika, wanakula.

Chukua nyumba moja ya Bukama usiku kama huo. Mezani kuna bukari, samaki wa Lualaba, labda na kuku wa kukaanga. Kila mgeni anamrushia mbwa kitu: huyu ngozi yenye mafuta, yule mfupa. Asubuhi mwenye nyumba anasema: "Imbwa anaharisha." Nani kamharisha? Sentensi haisemi.

Hapa ndipo mwanafunzi wa isimu anapaswa kusimama kidogo. Kitenzi cha msingi ni -hara. Kiambishi -ish- kwa kawaida huongeza msababishaji: anayekula ni mmoja, anayemlisha ni mwingine. Kwa kanuni hiyo "mbwa anaharisha" ingekuwa na maana kwamba mbwa anamfanya mwingine ahare. Wasemaji hawaielewi hivyo. Kwao mgonjwa ni mbwa. Umbo la kusababisha limebaki, msababishaji ametoweka.

Utata unakua dukani. Dawa ya kikohozi huondoa kikohozi. Dawa ya usingizi huleta usingizi. Kihusishi -a hakionyeshi upande. Basi "dawa ya kuharisha" ni ipi, ya kufunga tumbo au ya kulifungua? Muuzaji akielewa vibaya, mnyama aliyekwisha kupoteza maji anaongezewa mharo. Tuseme "dawa ya kuzuia kuhara", hata kama ni ndefu.

Ipo pia tofauti ya kutapika na kucheua. Mbwa anayetapika hujikaza, tumbo likibana kwa nguvu. Anayecheua hurudisha chakula bila jitihada, mara nyingi hakijasagika, na kasoro huwa kwenye umio, si tumboni. Munganga wa mifugo akiambiwa neno moja badala ya jingine, anaanza kutafuta mahali pasipo na ugonjwa.

Nyumbani, mbwa mzima anayehara tu, akiwa bado mchangamfu, anaweza kupumzishwa chakula kwa saa chache. Mtoto wa mbwa asinyimwe. Maji yasikatwe kamwe. Baadaye apewe wali laini na kuku wa kuchemshwa, bila mfupa wala ngozi, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Vuta ngozi yake kati ya mabega uiachie: ikichelewa kurudi, mwili umepungukiwa maji. Dawa za maumivu za watu zisiguswe. Parasetamoli huua paka, na ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa.

Damu, tumbo lililovimba, kutapika hata maji, kushindwa kusimama, au mtoto wa mbwa asiyechanjwa anayehara: hao wapelekwe kwa munganga siku hiyo hiyo. Naye atauliza kwanza amekula nini na nani kampa. Wageni wote watajibu kwamba "alipewa mfupa".