Profesa Hoare na Ithibati ya Programu za Kompyuta

Usiku wa tarehe 25 Februari, 1991, kombora la Iraki aina ya Scud liliangukia bohari lililogeuzwa kuwa bweni la askari wa Marekani mjini Dhahran, Saudi Arabia. Askari 28 walipoteza maisha yao. Mtambo wa Patriot uliowekwa kuwakinga ulikuwa ukifanya kazi, lakini haukufyatua hata kombora moja. Kompyuta yake ilikuwa imekesha zaidi ya saa 100 bila kuzimwa, na katika kuhesabu sehemu za kumi za sekunde iliacha kila mara upungufu mdogo mno. Upungufu huo ulijilimbikiza hata ukafikia theluthi moja ya sekunde. Kwa muda huo kombora la namna ile huruka zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukalitafuta mahali ambapo halikuwapo. Programu iliyosahihishwa iliwasili Dhahran siku iliyofuata.

Askari aliyezoea kukagua silaha yake atauliza: je, programu ile haikujaribiwa? Ilijaribiwa, ila mtambo ulikusudiwa kutumika kwa saa chache tu mahali pamoja. Majaribio hufichua kosa pale yalipopita. Hayawezi kuapa kwamba kwingineko hakuna kosa. Udhaifu huo ndio uliomshughulisha Charles Antony Richard Hoare, Mwingereza aliyetumia miaka mingi akitafuta namna ya kuithibitisha programu kabla haijapewa kazi, kama vile kanuni ya hesabu inavyothibitishwa.

Hoare alizaliwa mwaka 1934 mjini Colombo, katika nchi iitwayo leo Sri Lanka. Chuoni Oxford hakusomea hesabu, bali Kilatini, Kiyunani na falsafa. Mwaka 1956 aliingia katika utumishi wa lazima wa jeshi la wanamaji, na huko akafunzwa Kirusi. Ujuzi huo ulimfaa alipokwenda Chuo Kikuu cha Moscow, ambako mwaka 1959 alishughulikia namna ya kuifanya kompyuta ifasiri Kirusi kwa Kiingereza. Ilibidi maneno ya sentensi yapangwe kwa taratibu ya alfabeti kabla ya kutafutwa katika kamusi iliyorekodiwa kwenye utepe. Katika kulitafakari jambo hilo alivumbua njia ya kupanga kwa haraka ambayo ingali ikitumika duniani kote. Mwaka 1960 aliajiriwa na Elliott Brothers, watengenezaji wa kompyuta wa Uingereza. Mkuu wake aliweka dau la peni sita kwamba njia hiyo haiwezi kuishinda ile waliyokuwa nayo. Mkuu akalipa.

Hata hivyo, kilichomfunza zaidi ni kushindwa. Hapo hapo kazini aliongoza kundi la kuandaa programu za kompyuta mpya; tarehe ya kukabidhi ikapita, ikapita tena, na mwishowe kazi yote ikatupwa. Kwa maoni yangu, jambo la kusifiwa kuliko yote ni kwamba hakumsingizia mtu. Aliisimulia aibu hiyo kwa kinywa chake mwaka 1980, alipopokea Tuzo ya Turing, heshima kuu katika elimu ya kompyuta.

Mwaka 1968 alikuwa profesa mjini Belfast. Mwaka uliofuata, majeshi ya Uingereza yalipoanza kushika doria katika mitaa ya mji huo, yeye alichapisha makala fupi ambayo hoja yake askari wa lindo ataielewa upesi. Mlinzi apokeapo zamu huandika hali aliyoikuta: bunduki kadhaa, milango imefungwa. Akabidhipo, huandika hali anayoiacha. Hoare alitaka kila kipande cha programu kiandikiwe vivyo hivyo: sharti linalopaswa kutimia kabla hakijaanza, na hali kinayoahidi kuiacha kikiisha. Kisha ionyeshwe kwa mantiki, si kwa kubahatisha, kwamba la kwanza likitimia, la pili halina budi kufuata.

Huko Dhahran sharti lilikuwapo, lakini halikutamkwa kwa usahihi. Siku nne kabla ya msiba vikosi vilipelekewa taarifa iliyoonya juu ya kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana. Haikusema ni saa ngapi.

Hoare mwenyewe hakuwa malaika. Mwaka 1965 aliingiza katika lugha ya kompyuta anwani isiyoelekea popote, na programu nyingi zimeanguka kwa kuifuata. Mwaka 2009 aliliita kosa lake la dola bilioni moja. Tena katika miaka ya 1990 alikiri kwamba programu zilikuwa zimekuwa imara kuliko alivyotarajia, bila ithibati, kwa ukaguzi na majaribio ya kawaida tu. Wachache ndio waliokuwa wakitumia njia yake kamili.

Miongoni mwa hao wachache ni wajenzi wa njia ya 14 ya treni za chini ya ardhi mjini Paris, iliyofunguliwa mwaka 1998. Treni zake hazina dereva. Programu inayolinda usalama wa abiria ilithibitishwa kwa njia ya Mfaransa Jean-Raymond Abrial, aliyewahi kufanya kazi Oxford pamoja na kundi la Hoare. Kwa kuitegemea ithibati hiyo, waandishi wake waliacha kuijaribu programu hiyo kipande kwa kipande.