Mpilipili mrefu, pilipili kiduchu

PILIPILI usiyoila yakuwashiani? Ndivyo walivyouliza wahenga. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwashwa na pilipili ambazo hakuzila, tena kwa sababu moja tu: hazikuzaliwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka juzi nilinunua fungu la pilipili sokoni, nikachagua mbili zilizokuwa kubwa kupita zote, nyekundu, ndefu kama kidole cha shahada. Nilizipasua, nikaanika mbegu juu ya gazeti, kisha nikazipanda katika madebe nyuma ya nyumba. Miche ilistawi ajabu. Mmoja ulinifika kifuani, majani mapana yenye kung'aa, na kila jirani aliyepita alinipa hongera. Msimu ulipokwisha nilihesabu mavuno ya mti huo wa fahari. Pilipili tisa.

Kando ya ua palikuwa na mpilipili mwingine ambao hakuna mtu aliyeupanda. Ndege ndiye aliyeuleta. Haukunipita goti, na vitunda vyake havikuzidi ukucha wa kidole gumba, lakini ndio uliotia ukali kachumbari ya nyumba nzima kwa miezi minne mfululizo.

Je, mpilipili mzuri hujulikana kwa nini? Kwa kimo? Kwa ukubwa wa tunda? Swali hilo ndilo lililonipandisha matatu ya Likoni kuelekea Kombani.

Msomaji asiyepajua Kombani aijue hivi: ni njia panda katika barabara kuu itokayo Likoni kwenda Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga. Hapo ndipo anayekwenda mjini Kwale hukunja kulia, akaanza kupanda kuelekea vilima vya Shimba. Abiria hushuka, hununua machungwa na madafu, hupanda gari jingine. Mazao ya vijiji vya Matuga hupitia hapo kabla hayajavuka kivuko kwenda Mombasa, na pilipili ni mojawapo.

Mwendo mfupi kutoka sokoni nilimkuta mama mmoja mkulima katika robo ekari yake. Hakutaka jina lake liandikwe gazetini kwa kuwa, alivyosema, wanunuzi ni wale wale na bei wanaipanga wao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila usinikanyagie hiyo yenye kitambaa."

Nikatazama chini. Katika mistari ya mipilipili, mmoja hapa na mwingine pale ulikuwa umefungwa kipande cha leso kuukuu shinani. Nilipouhesabu ulikuwa michache mno, haukufika kumi na mitano katika shamba lote. Hiyo, akanieleza, ndiyo atakayoichukulia mbegu.

Mama huyu alijifunza kwa machungu. Misimu michache iliyopita alifanya kosa lile lile nililolifanya mimi, ila yeye hakulifanya kwenye madebe. Alichukua mbegu kutoka pilipili kubwa kubwa za rundo la sokoni, akazipanda shamba zima. Matunda aliyoyapata yalikuwa ya kupendeza macho lakini ya kuhesabika. Mnunuzi hapimi uzuri, hupima kilo. Muhula wa kwanza ulipofika, karo ya kifungua mimba wake ilitokana na mbuzi wawili waliouzwa kwa haraka, na mbuzi wa haraka hana bei.

Hesabu ya kosa hilo si ngumu. Mavuno ya mche mmoja ni idadi ya matunda yake mara uzito wa kila tunda. Tuseme mche wa kwanza una matunda 30 yenye gramu 8 kila moja. Hizo ni gramu 240. Mche wa pili una matunda 110 ya gramu 4, nusu ya uzito wa yale ya kwanza. Hizo ni gramu 440. Sokoni, tunda la mche wa kwanza ndilo linalovuta jicho, na ndilo linalochukuliwa mbegu. Ule wa pili unaliwa na kusahaulika.

Sasa ekari moja ni takriban mita 4,000 za mraba. Ukipanda kwa mistari iliyoachana mita moja, na mche kwa mche nusu mita, unapata miche kama 8,000. Tofauti ya gramu 100 tu kwa mche, kiasi cha kujaza kiganja, ni kilo 800 kwa ekari. Mbuzi wawili hawafui dafu hapo.

Jambo hili wataalamu wa kuzalisha mbegu wamelichunguza kwa miaka mingi, hasa India na Ethiopia, nchi mbili ambazo chakula bila pilipili hakihesabiwi chakula. Hupanda aina nyingi za pilipili katika shamba moja, kisha hupima kila kitu: kimo cha mche, idadi ya matawi, siku tangu kupandwa hadi kutoa maua, urefu wa tunda, unene wake, uzito wake, idadi ya matunda. Halafu huuliza ni sifa ipi inayokwenda sambamba na mavuno.

Wanafunzi wa sekondari wataitambua hesabu hii. Huitwa uwiano, na jibu lake hukaa kati ya 1 na kutoa 1. Likikaribia 1, sifa mbili hupanda pamoja. Likikaribia kutoa 1, moja ikipanda nyingine hushuka. Likiwa sufuri, hazina habari moja na nyingine.

Lakini uwiano una hila zake. Katika shule ya msingi, watoto wenye viatu vikubwa husoma vizuri kuliko wenye viatu vidogo. Je, tuwanunulie watoto wa darasa la kwanza viatu vya baba zao? La. Ni umri unaokuza mguu na akili kwa pamoja. Mwaka 1921 Mmarekani Sewall Wright, aliyekuwa akichunguza vizazi vya panya wa Guinea katika wizara ya kilimo ya nchi yake, alichapisha njia ya kuugawa uwiano vipande vipande: kiasi gani ni nguvu ya sifa yenyewe moja kwa moja, na kiasi gani imeazimwa kupitia sifa nyingine. Mwaka 1959 watafiti Dewey na Lu waliitumia njia hiyo kwenye mbegu za nyasi za malisho, na tangu hapo imekuwa chombo cha kila siku cha wanaozalisha mimea, pilipili ikiwemo.

Jibu linalojirudia kwa pilipili ni kwamba idadi ya matunda kwa mche ndiyo yenye nguvu kubwa ya moja kwa moja juu ya mavuno, na uzito wa tunda huifuata au hushindana nayo. Kimo hakina msimamo. Katika shamba hili husaidia, katika lile hudhuru, kwa sababu mche unaotumia chakula chake kujenga shina na majani huenda ukabakiwa na kidogo cha kujazia matunda. Hapo nikaukumbuka mti wangu wa kifuani na hongera za majirani.

Matawi yana habari nzuri zaidi. Utazame mpilipili kwa makini: shina hukua, kisha hugawanyika mara mbili, na pale kwenye njia panda ndipo ua hutokea. Kila tawi nalo hugawanyika tena, na ua jingine hutoka. Kwa hiyo matawi mengi ni njia panda nyingi, na njia panda nyingi ni maua mengi. Matawi hayaongezi kilo yenyewe. Huziongeza kwa kupitia idadi ya matunda. Hicho ndicho Wright alichotaka tukione.

Hata hivyo, ua si tunda. Hapa Pwani, kati ya Januari na Machi, jua la kaskazi huchoma mchana hadi nyuzi 32 au zaidi, na usiku nao haupoi. Mipilipili mingi, hasa yenye matunda makubwa, hupukutisha maua yake katika joto la namna hiyo. Ile yenye vitunda vidogo huvumilia zaidi. Ndiyo maana mama wa Kombani hafungi leso wakati wa maua, hata shamba likiwa jeupe pe. Husubiri mpaka matunda yashike, kisha huhesabu.

Mbona basi wataalamu wasizalishe pilipili yenye matunda mengi na makubwa? Wanajaribu kila siku, na hapo ndipo penye mtihani. Sifa hizo mbili huvutana. Aghalabu matunda yakizidi, kila moja hupungua, kama sinia ya pilau wageni wanapoongezeka. Ufundi wa mzalishaji ni kutafuta mche mmoja kati ya mamia uliokaidi mvutano huo kidogo tu.

Tena wingi una gharama yake, na hili vitabu hulipita haraka. Pilipili ndogo zilizo kali sana, ambazo wengine huziita pilipili kichaa, huchumwa kwa mkono moja moja. Ikiwa tunda lina nusu gramu, kilo moja ni matunda 2,000. Anayetaka kuuza zilizokauka ataanika kilo tatu au zaidi ili apate moja. Vidole vinavyochuma ni vya nani? Mara nyingi ni vya akina mama na watoto waliotoka shule, na moto wake hautoki kwa sabuni. Jioni ukijisahau ukapikicha jicho, hutalala. Mama wa Kombani amechagua tunda la kati kwa sababu hiyo. Anataka matunda mengi, lakini yasiwe madogo kiasi cha kumlazimu kuajiri mchumaji.

Vitunda vidogo vyenye kuelekea juu vina historia yake. Pilipili si mwenyeji wetu. Asili yake ni bara la Amerika, ambako watu wamekuwa wakiila kwa zaidi ya miaka 6,000, na inasadikiwa kuwa Wareno ndio walioitawanya hadi pwani zetu baada ya Vasco da Gama kufika Mombasa mwaka 1498. Kabla ya mwanadamu, aliyeipanda ni ndege. Ndege hahisi ule ukali hata kidogo. Hula tunda zima, huruka, na hudondosha mbegu ikiwa salama. Panya na wanyama wengine wenye kutafuna, ambao wangeivunja mbegu, huungua na kukimbia. Mmea wa porini uliobeba vitunda vingi vidogo, vyekundu, vilivyosimama wazi juu ya majani, ndio uliosambazwa kuliko wenzake. Ule mche wa ua wangu ulikuwa umechaguliwa na ndege kwa maelfu ya miaka, na mimi nilikuja na macho ya siku moja.

Turudi kwenye mbegu, maana wasomaji wengi wana debe au ndoo mahali. Mche kuzaa sana hakumaanishi kuwa wanawe watazaa sana. Huenda umebahatika kuota karibu na zizi la mbuzi au palipomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Neema hiyo ni ya udongo, na mbegu haiirithi. Mama wa Kombani hafungi leso mche wowote wa pembeni mwa shamba, kwa kuwa wa pembeni hupata jua na nafasi zaidi ya wenzake. Huulinganisha mche na majirani zake walio katika udongo ule ule. Mtu aliyesoma chuo cha kilimo angefanya hivyo hivyo, ila angetumia maneno marefu.

Na uchague mche mzima, si tunda. Pilipili iliyo kwenye fungu la sokoni haikuambii ilizaliwa na ndugu wangapi. Ikiwa mama yake alitokana na mbegu chotara za dukani, wanawe watatawanyika, huyu mrefu, yule mfupi, mwingine tasa. Nashuku ndivyo ilivyokuwa kwa ile yangu.

Nyuki nao wana mkono wao. Ua la pilipili linaweza kujichavusha lenyewe, lakini nyuki akipita huleta chavua ya jirani. Wengi husema pilipili hoho ikipandwa karibu na kali itawasha. Tunda lenyewe halitawasha. Ni mbegu zake, zikipandwa msimu ujao, zinazoweza kuzaa matunda makali. Dawa ni kufunika tawi moja kwa kipande cha chandarua kikuukuu kabla maua hayajafunguka, ukayapiga-piga kwa kidole kila asubuhi, na kuweka alama matunda yaliyoshika humo. Yaache yaive mpaka yawe mekundu kabisa, kisha ukaushe mbegu kivulini.

Anayetaka kujua zaidi hana haja ya kwenda India. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo nchini, KALRO, ina kituo Matuga huko huko Kwale, na kingine Mtwapa. Arusha nako, tangu 1992, lipo tawi la Kituo cha Mboga Duniani chenye makao makuu Taiwan.

Nilipokuwa nikiaga, mama aliinama ghafla penye mche mmoja uliofungwa leso. Majani yake ya juu yalikuwa yameanza kujikunja na kukunjamana, dalili ya ugonjwa unaoletwa na vinzi weupe. Hakusema neno. Alikifungua kitambaa, akakitundika begani, akausogelea mche uliofuata na kuyapekua majani yake.

"Moja," akaanza. "Mbili. Tatu..."