Avoka asome dosie kwanza

Ndugu wa mtu aliyefungwa Bukavu humuuliza avoka atasema nini mbele ya hakimu. Yeye huwauliza dosie iko wapi, kwa sababu jibu la swali lao limo humo.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inampa kila mtu haki ya kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua katika kila hatua ya kesi ya jinai, tangu kwa polisi. Lakini uchunguzi wa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ni wa siri. Avoka anaweza kuketi kando ya mteja wake akisikia maswali, karatasi zikabaki mikononi mwa ofisa. Dosie humfungukia hasa kesi ikishafika tribinali, aisome palepale kwa karani. Kwangu, huko ni kuchelewa.

Mtu huwekwa ndani mapema zaidi. Polisi hawaruhusiwi kumshika kupita saa 48. Hati ya parke ya kumshikilia kwa muda, ile wanayoiita MAP, ina siku 5 mahali kama Bukavu penye hakimu karibu. Hakimu anaweza kutoa siku 15, kisha mwezi mmoja mmoja. Kwa hiyo avoka huanza na saa iliyoandikwa kwenye PV, yaani ripoti ya kukamatwa, halafu tarehe ya MAP, halafu sahihi. Mtu akikamatwa Jumatatu na kufikishwa parke Ijumaa, kosa la polisi limo kwenye karatasi hizo. Asiyeziona atabaki kuomba huruma tu.

Wanaohofia kwamba dosie wazi itawaponyesha wahalifu wakumbuke kesi ya Thomas Lubanga wa Ituri. Juni 2008, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliisimamisha kwa sababu mwendesha mashtaka alikuwa na nyaraka zaidi ya 200 alizopewa kwa siri, nyingi na Umoja wa Mataifa, na watetezi hawakuonyeshwa. Suala hilo lilipotatuliwa kesi ikaendelea, na tarehe 14 Machi 2012 Lubanga akapatikana na hatia.

Mpaka wa kufungua dosie upo, na ni wa haki. Sheria ya 20 Julai 2006 kuhusu ubakaji inamtaka hakimu alinde usalama, heshima na faragha ya aliyetendewa. Avoka aliyesoma jina la mtoto kwenye dosie hana ruhusa ya kulitembeza mitaani Kadutu.

Ndugu wa mfungwa, andikeni namba ya RMP, ile ya dosie kwenye rejista ya parke, tangu siku ya kwanza. Mkiambiwa dosie imeshapelekwa tribinali, ombeni namba ya RP, ile ya kesi huko tribinali. Kwa namba hiyo karani ataitafuta kwenye rejista yake.